Sauti Nne Zilizongoja Kwenye Kichupo cha Tatu

Mama zangu, baba zangu, na nyinyi ndugu mulioketi kule ku mlango kwa kukosa viti, nawasalimia wote. Mama prezidanti wa kikundi chetu aliniomba niseme mara tatu, na mara tatu nilimjibu kwamba sauti imenikauka. Leo hakuniomba. Nimesimama mwenyewe. Sitataja jina la mtu, hata langu, ingawa nusu yenu munanijua. Ni minye yule mwalimu wa informatique, masomo ya kompyuta, mwenye kutengeneza ile programu ya simu.

Sisi sote humu tunamngoja mtu. Sina haja ya kuwaeleza kungoja ni nini. Munajua vile simu inalia kwa namba usiyoijua, na moyo unaruka mbele ya mkono. Kisha unakuta ni muntu amekosea namba, na bado unatamani usikate, aongee kidogo tu.

Minye namngoja dada yangu mkubwa. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, sikumbuki hata sura yake vizuri. Dada ndiye alinisuka nywele, dada ndiye alinichapa nilipokosa, na siku nilipotoka Bijombo kushuka Uvira kuanza sekondari, dada ndiye alinisindikiza. Tulitembea mchana kutwa. Tulipofika pale kilima kinapokata na ziwa linaonekana lote, akasimama, mikono kiunoni, akasema, «Ee, maji yote haya, na sisi kule juu tunagombana ku kisima kimoja!» Akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimelia njia yote, lakini pale nilicheka. Hicho kicheko, ndugu zangu, nimekitafuta miaka.

Wakati watu wa kule milimani walipokimbia, minye nilikuwa tayari nafundisha hapa mjini. Dada alifunga vitu vyake, akachukua watoto wake watatu, akamwambia Baba twende. Baba akakataa. Alisema maharage yake yameanza kutoa maua, hawezi kuyaacha. Dada akamsihi. Watoto wakalia. Watu wengine walikuwa wameshatangulia, na risasi zilikuwa zinasikika karibu. Basi dada akamwacha. Alishuka uwandani, akavuka mto Ruzizi, akaingia Burundi bila kupita kwangu, maana njia ya Uvira ilikuwa imefungwa. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Baba tulimpata mzima baada ya wiki nyingi. Nikamleta kwangu Mulongwe, hapa hapa Uvira. Akakaa msimu mmoja wa mvua, mto ukaingia mpaka chini ya kitanda chake, na asubuhi yake akaniambia anarudi Bijombo. Nikamwambia, «Baba, kule uko peke yako.» Akajibu, «Binti yangu akirudi, atanitafuta pale aliponiacha.» Nikamfungia mzigo wake.

Hapo ndipo nilianza ile programu. Nawaambia ukweli, niliitengeneza kwa ajili ya dada yangu. Nyinyi wengine muliingia baadaye, na mulipoanza kunishukuru, nilipokea shukrani kama vile nilikuwa nimewaza juu yenu tangu mwanzo.

Munaikumbuka ilivyokuwa. Ukiifungua, chini kabisa ya ecran, kile kioo cha simu, unaona sehemu tatu ndogo za kubonyeza. Kule shule tulizoea kuziita onglet. Kwa Kiswahili ni vichupo. Kichupo cha kwanza kinaitwa Majina: pale iko majina ya watu wanaotafutwa, na ya wale wanaowatafuta. Cha pili kinaitwa Sema: pale unarekodi sauti yako. Cha tatu ni Sauti: pale unasikiliza kile ulichotumiwa. Sauti ikifika, kinatokea kidoti chekundu juu ya kichupo cha tatu. Nilikipenda sana kile kidoti. Niliona nimefanya kitu cha watu waliosoma.

Mama zetu wanaopeleka bidhaa Bujumbura waliibeba mu simu zao, wakawapa watu kule ng'ambo, na hao wakawapa wengine mpaka kambini. Nikapanda Bijombo, nikamwekea Baba mu simu yake. Kule réseau, mtandao wa simu, inapatikana ku kilima kimoja tu. Nikamwonyesha: bonyeza hapa, bonyeza hapa. Nilimwonyesha mara moja, haraka, maana moto, pikipiki ya kukodi, ilikuwa inaningoja chini kule njia inapoishia. Akasema, «Nimeelewa.» Baba yangu ni muntu wa heshima, angekubali hata kama hakuelewa kitu.

Kila Jumapili baada ya ibada Baba alipanda kile kilima. Anafungua programu, inamwonyesha Majina. Anaona jina la dada yangu bado liko pale, kati ya wanaotafutwa. Anafunga, anashuka. Ilikuwa hivyo kwa miezi mitatu.

Siku moja mchana akashuka Uvira. Alinikuta nyumbani nasahihisha mitihani. Akanipa simu na mikono miwili, akasema, «Mwanangu, hiki chombo bado kiko na uhai? Minye naona kila siku iko vilevile.»

Nikakifungua. Kwenye kichupo cha tatu palikuwa na kile kidoti chekundu. Baba ana mtoto wa jicho. Kidoti kama kile hawezi kukiona hata umwambie kiko wapi. Nikabonyeza. Sauti nne. Zote za dada yangu.

Ya kwanza alikuwa analia na kucheka pamoja. «Baba! Nimeona jina lako! Kumbe uko! Minye niko muzima, watoto wako wazima. Baba, nisamehe vile nilikuacha. Mdogo wangu nitamutafuta baada ya kusikia sauti yako, kwanza naona haya.» Ya pili alikuwa anauliza kama ile ya kwanza ilifika. Ya tatu ni watoto, wanamwamkia babu yao mmoja mmoja, na yule mdogo anasahau la kusema, mama yake anamnong'oneza. Ya nne ilikuwa fupi. Sauti yake ilikuwa imetulia, na huo utulivu ndio ulioniumiza. «Baba, kama umenikasirikia, nimeelewa. Hata minye ningekasirika. Kesho wanatuhamisha ku kambi ingine, mbali. Sitakusumbua tena.»

Nilipiga namba aliyokuwa anatumia. Haikupatikana. Nikapiga tena. Baba alikuwa bado anaangalia simu iliyokuwa mkononi mwangu.

Akauliza, «Zilikuwa humu?»

Nikabonyeza ile namba mara ya tatu.

«Siku zote hizi nikipanda kule juu, zilikuwa humu?»

Sasa ndugu zangu, nawaambia kile ambacho sijamwambia mtu. Sikumkumbatia. Sikulia naye. Nilimpigia Baba yangu kelele. Nilisema, «Si nilikuonyesha pa kubonyeza! Nilikuonyesha! Kitu kimoja tu, Baba, kitu kimoja!» Muzee wa miaka sabini na zaidi. Akachukua kofia yake, akachukua simu yake, akasema, «Ni kweli, ulinionyesha.» Akatoka. Sikumfuata. Kesho yake nilisikia kwa dereva wa moto kwamba alimpeleka mpaka chini ya milima.

Hapo ndipo nilianguka. Wengine wanaanguka kwa pombe. Minye nilianguka kwa kimya. Niliizima programu yote, na nyinyi mukabaki mnafungua simu zenu na kukuta ukurasa mweupe. Mulinipigia, sikushika. Kompyuta niliitia mu mfuko, nikausukuma chini ya kitanda. Kazini nilienda siku moja, nikaacha siku mbili, mpaka préfet, mkuu wa shule, akaniandikia barua nipumzike. Sikupumzika. Nilikaa ku dirisha nikiangalia milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa. Asubuhi iko wazi, unaona hata rangi ya mashamba. Nilikuwa najiuliza dada yangu iko nyuma ya mlima gani, na kama bado anafikiri Baba amekasirika. Nilitamani anichape, kama zamani, kisha yaishe.

Iko mama mmoja humu, anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Leo ameketi mstari wa pili na anajifanya hajui namsema yeye. Huyo mama alikuja kwangu mchana, na beseni lake kichwani. Binti yake alienda mbali kutafuta maisha, na walikuwa wanasikilizana kwa ile programu. Sikumfungulia. Akakaa ku mlango, akaanza kuuza ndagala palepale, watu wakaja, kelele ikajaa. Nikafungua kwa haya tu.

Akaniambia, «Mwalimu, rudisha sauti ya mtoto wangu.»

Nikamwambia siwezi. Nikamweleza yote: Baba, kidoti, sauti nne. Nikamaliza kwa kusema, «Ilitosha abonyeze mara moja tu.»

Alinisikiliza huku anafukuza nzi ku beseni. Kisha akasema, «Minye pia sikuwa naona hiko kidoti. Jirani njo alikuwa ananibonyezea.»

«Kumbe! Juu ya nini hukuniambia?»

«Weye ulikuwa unafurahi sana nacho. Lakini nikuulize, mwalimu. Hiyo simu ndiyo ya kwanza kujua sauti imefika. Minye sikujua. Baba yako hakujua. Kama yenyewe inajua, juu ya nini isitupeleke pale sauti iko?»

Nilitaka kumweleza kwamba watu ndio wanachagua kichupo, ndivyo programu zote ziko. Kisha nikaona kosa langu. Miezi yote nilikuwa namwekea Baba kosa la kutobonyeza, na simu ilikuwa mkononi mwake, inajua, inamwonyesha yale majina yaleyale. Minye ndiye niliyeiandikia imwonyeshe majina. Haikuwa na kosa lingine zaidi ya kunitii.

Alipoondoka, nilivuta ule mfuko chini ya kitanda.

Kazi yenyewe si kubwa, musinione fundi. Kile kichupo unachokibonyeza kwa kidole, unaweza pia kukibadilisha kwa kode, yaani kwa maagizo unayoiandikia simu: sauti mpya ikiwepo, nenda wewe mwenyewe kwenye kichupo cha tatu. Ni mistari michache tu. Nikaandika, nikakimbia nayo sokoni, nikamwekea mama wa ndagala, nikawawashia yeye na binti yake tu, nikamtumia sauti kutoka simu yangu. Programu ikazimika mbele ya macho yetu. «Imekufa!» akapiga kelele, na wauza samaki wote wakageuka. Nilikuwa nimesahau kitu ninachowafundisha watoto wa mwaka wa kwanza: kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri. Majina ni sifuri, Sema ni moja, Sauti ni mbili. Minye niliandika tatu, na tatu hakuna. Niliituma mahali ambapo hapapo.

Nikasahihisha. Ikatembea! Ikatoka yenyewe Majina, ikaenda Sauti, na jina langu likatokea kwa herufi kubwa. Mama hakuwa amegusa kitu. Alikuwa na mafuta ya samaki mikononi. Alisema, «Ee! Imenipeleka!» Nikacheka, na nilipojisikia nacheka nilishangaa.

Lakini siku ya tatu akaniita, amekasirika. «Mwalimu, hii simu haina adabu! Muntu iko anaongea na mtoto wake, inamukata!» Alikuwa kwenye Sema, anarekodi, yuko katikati ya maneno yake, sauti nyingine ikafika, na programu ikamvuta mpaka kichupo cha tatu. Maneno yake yakapotea. Nikaona kwamba kumpeleka mtu peke yake haitoshi, lazima kwanza uangalie yuko anafanya nini. Nikaandika tena: kama muntu iko anarekodi, ngoja amalize. Akimaliza, mpeleke.

Niliporidhika, niliwasha programu tena kwa wote, na mama zetu wa Bujumbura wakabeba ile mpya. Kisha nikachukua moto mpaka chini ya milima, nikapanda kwa miguu. Nililala njiani kwa wakristo, kesho yake saa sita nikafika.

Baba alikuwa analima. Aliponiona aliegemea jembe. «Umekuja?»

«Nimekuja, Baba. Nimekuja kukuomba msamaha.»

«Msamaha wa nini? Minye njo niliharibu.» Akanionyesha vidole vyake. «Hivi ni vya jembe, si vya simu. Nilijua siku moja vitaharibu kitu.»

Ndugu zangu, nilipiga magoti pale kwenye matuta. Nilimwambia, «Si vidole vyako, Baba. Ni minye niliweka sauti ya mtoto wako mahali ambapo huwezi kuona. Na kisha nikakupigia kelele.»  Akaniinua kwa kiwiko, akasema, «Simama, utaharibu maharage.» Kwa Baba yangu, huo ni msamaha. Wenye kumjua wanaelewa.

Tulipanda pamoja kile kilima. Nikaweka programu mpya. Nikamwambia, «Sema naye.» Akaniuliza kama anasikiliza sasa hivi. Nikasema hapana, itamngoja, hata sijui kama ataifungua. Baba akavua kofia. Akasimama wima kama muntu mbele ya chifu. Akasema hivi, ninakumbuka kila neno: «Binti yangu, minye niko. Sikukasirika. Ulifanya vizuri kwenda na watoto. Sikunyamaza, mwanangu. Sikusikia tu. Nimekaa palepale.»

Kisha tukangoja. Ndiyo, tena. Mwezi, mwezi mwingine. Kila mara kitu kilipoingia mu simu niliikimbilia, na haikuwa yeye. Nikarudi shule. Nikarudi hapa kwenye kikundi, mukanipokea bila kuniuliza. Baba akaendelea kupanda kile kilima Jumapili, na sasa minye nilijua kwamba akifika juu na asione kitu, ni kwa sababu hakuna kitu. Msifikiri hilo linauma kidogo. Lakini ni maumivu safi.

Kule dada yangu alikohamishwa, alikutana na mwanamke wa huku kwetu, wakawa wanapika pamoja. Huyo mwanamke alikuwa na programu mpya, akampa. Dada aliniambia baadaye kwamba hakuwa na matumaini ya kupata kitu. Alitaka tu kusoma majina. Alikuwa na hamu ya kuona majina ya watu wa nyumbani, vile yanavyoandikwa, hata ya wale asiowajua. Akafungua ili asome majina.

Haikumwonyesha majina. Ilimpeleka.

Akaona jina la Baba kwa herufi kubwa. Alikuwa anamenya viazi, kisu kikaanguka. Anasema alisikiliza ile «Sikunyamaza, mwanangu, sikusikia tu» mara nyingi hadi watoto wakajua kuisema kwa sauti ya babu yao.

Jumapili iliyofuata Baba alinipigia kutoka kilimani. Upepo ulikuwa unavuma, nikamsikia nusunusu. «Imeniita... dada yako... imenipeleka yenyewe...»  Nikasikia tu anapumua, na nyuma yake, kwa mbali, kicheko kinatoka kwenye simu. Ndicho kile kile.

Hajarudi, ndugu zangu. Sitaki mutoke hapa mukisema amerudi. Yuko mbali, njia si nzuri, na watoto wameanza shule kule. Tunasikilizana sauti kila wiki, na kila ikiisha nyumba inakuwa kubwa zaidi. Nafikiri hamu itakaa nami mpaka nimwone kwa macho. Lakini anajua kwamba baba yake hakumkasirikia. Ningetoa kila nilicho nacho ili ajue hilo, na sasa analijua.

Namshukuru Mungu aliyemlinda kila mahali alipohamishwa. Nawashukuru mama zetu wa kupeleka bidhaa, waliobeba sauti zetu bila kuuliza za nani. Namshukuru huyo mama wa mstari wa pili, aliyekaa ku mlango wangu na samaki wake mpaka nikafungua. Namshukuru Baba yangu, ambaye hayuko hapa, ni wakati wa kupalilia.

Na neno ninalowaachia ni hili. Muntu ukimfundisha kitu na asikishike, usiende haraka kusema hakusikiliza. Rudi uangalie ulikiweka wapi, na kama wewe mwenyewe, ungekuwa na macho yake na vidole vyake, ungekifikia.

Nimemaliza. Lakini iko mama mmoja ameingia leo mara ya kwanza, pale karibu na nguzo, na tangu nimeanza kusema ameshika simu kifuani. Mama, usiende. Nakuja kuketi karibu yako, uniambie unamtafuta nani.